Mkebe wa Barua za Kambini

Kijijini Kwa Vonza, Jumanne alasiri

Mwanangu Mwende,

Umeenda kuwaaga walimu wako, na mama yako mdogo Katunge amejilaza kidogo baada ya kuhangaika na sanduku lako tangu asubuhi. Amekwisha kukuambia yote kuhusu blanketi, kuhusu sabuni, na kuhusu wasichana wanaoazima ndala na kuzirudisha zimekatika. Hayo siyarudii. Mimi nimeketi hapa barazani na ile kalamu yako uliyosema haiandiki. Inaandika, ila inataka kushikwa imelala.

Unajua mimi si mtu wa barua. Nilisoma mpaka darasa la saba, na tangu hapo kitu nilichoandika mara nyingi zaidi ni orodha ya wachezaji kumi na mmoja na wale wa akiba. Ukikuta makosa humu, wewe ndiye mwalimu sasa, chukua wino mwekundu usahihishe.

Kuna jambo moja nataka ulijue kabla hujapanda basi kesho kwenda chuo cha ualimu. Nilipaswa kukuambia miaka tisa iliyopita. Nitalifikia, lakini nivumilie nianzie mbali, kwa sababu nikianza nalo moja kwa moja nitaiweka kalamu chini niende kuangalia mbuzi.

Uwanja wangu wa kwanza ulikuwa mto. Wewe umeukuta ukiwa na mabwawa ya mchanga, lakini sisi tuliukuta mtupu, mchanga kutoka ukingo hadi ukingo kwa miezi minane ya mwaka. Tulicheza humo baada ya kunywesha mifugo. Mpira ulikuwa wa matambara yaliyofungwa kwa kamba ya katani, na kwenye mchanga haudundi, kwa hiyo hakuna aliyejifunza kupiga mbali. Ulijifunza kusimama mbele ya mtu na kukataa apite. Mvua zikija, uwanja unaondoka na maji, tunarudi nyumbani kulima. Mpaka leo nikisikia ngurumo, kabla sijafurahi kwa ajili ya mahindi, kuna sehemu ndogo ndani yangu inayosikitika kwamba mechi imekwisha.

Mama yangu, yule uliyepewa jina lake, alinipigia kelele kila jioni kwa sababu mbuzi walikuwa wanaingia shamba la mchungaji wa kanisa nikiwa huko mtoni. Ndiyo maana nikikuita mwaitu, kwamba wewe ni mama yangu, huwa nasubiri kidogo nione kama utanigombeza. Na kweli, tangu ukiwa na miaka mitatu umekuwa ukinigombeza.

Nilipomaliza shule nilienda Mtito Andei kutia magari mafuta kwenye kituo kimoja cha petroli. Jumamosi jioni sisi wa pampu tukijiunga na wapishi wa hoteli tulicheza dhidi ya madereva wa malori waliolala pale. Dereva mmoja mnene wa kutoka pwani alijaribu kunipita mara nne, na mara ya nne akakaa chini kabisa, akaniambia, "Wewe kijana unacheza kama unalinda mbuzi wa mama yako." Nikamwambia ndivyo nilivyofundishwa. Alicheka mpaka akakohoa. Miezi miwili baadaye alirudi na mtu wa timu moja ya Nairobi amekaa mbele ya lori, na hivyo ndivyo nilivyokuwa mchezaji. Watu hufikiri kuna siri kubwa. Kulikuwa na dereva aliyechoka na mtu aliyekuwa na nafasi ya beki.

Mama yako alikuwa mtu wa hapa hapa Kwa Vonza, hilo unajua. Lakini hujui kwamba katika maisha yake yote aliona mechi moja tu kwa macho. Alikuja Nairobi akiwa amekubeba mgongoni, akaketi jukwaani akisuka kikapu chake cha kyondo, na watu waliokuwa karibu naye wakaniambia baadaye kwamba hakuinua macho hata tulipofunga. Usiku huo nilimuuliza ameonaje. Akasema, "Nilimwonea huruma yule wa langoni. Kila mtu anamkimbilia na hakuna anayemsalimia." Kisha akasema amemwombea. Nikacheka. Hakuelewa nachekea nini, na sasa hata mimi sielewi nilichekea nini.

Nilichezea timu ya taifa misimu sita. Katika msimu wa pili, Ijumaa kabla ya mechi na majirani zetu, nilipata barua kambini kutoka kwa kaka yangu. Mama mgonjwa, hali si nzuri. Niliikunja nikaiweka ndani ya soksi, na kesho yake nikaingia nayo uwanjani. Dakika chache kabla ya mapumziko winga wao alinijia, mtu ambaye siku nyingine ningemwondoa huku nikipiga miayo. Akanipita kana kwamba mimi ni mlango ulioachwa wazi. Tulifungwa moja bila. Nilisafiri usiku kucha kuja nyumbani, nikamkuta mama yuko shambani, jembe mkononi, ananiuliza, "Nani amekwambia naumwa?" Alikuwa amepona kabla barua haijatoka Kitui.

Angalia sasa somo nililolichukua hapo. Ningeweza kujifunza kwamba mtu aliye mbali huogopa, na anahitaji wa kukaa naye. Ningeweza kujifunza kwamba mama yangu yu hai na nimshukuru Mungu. Mimi nilijifunza kwamba barua hufungisha timu.

Goti liliponiharibikia nikageuka kocha. Kwanza wa vijana, kisha wa timu yangu ile ile ya Nairobi, nikapelekwa kozi ya miezi mitatu Ulaya ambako nilikula viazi kila siku, na mwishowe wakanipa timu ya taifa. Mama yangu alikuwa bado hai. Nilipomweleza kwamba sasa sichezi, nasimama kando nawaambia wengine wacheze vipi, aliniuliza kama hiyo nayo ni kazi. Gazeti likaandika kwamba kijana wa Ukambani amefika kileleni. Mama yako alikata ile picha akaibandika ndani ya kabati, juu ya chumvi. Unaikumbuka. Ilikuwa na doa la mafuta kwenye sikio langu.

Nilipokuwa nakwenda kambi yangu ya kwanza kama kocha, mama yako alinijazia mandazi kwenye mkebe wa biskuti, ule mwekundu wa mraba. Wachezaji waliyamaliza kabla ya jua kupanda. Mkebe ukabaki mtupu juu ya meza, na mimi nikapata wazo. Nilisema kuanzia leo, barua yoyote, telegramu yoyote inayoingia kambini, inakwenda ndani ya mkebe huu, na mkebe unafunguliwa baada ya filimbi ya mwisho. Mpaka hapo, kila mtu ana jambo moja tu kichwani.

Meneja wetu alikuwa mtu mpole aliyewahi kuwa polisi, tukimwita Sajini. Yeye ndiye aliyeushika mkebe. Vijana waliufanyia mzaha. Asubuhi wakimkuta Sajini mezani humuuliza, "Mzee, mkebe umeshiba?" Naye hujibu, "Umekula kidogo tu, watu hawawapendi." Mimi nilisikia kicheko nikafikiri sheria yangu imekubalika.

Ninachotaka uelewe ni kwamba haikuonekana kuwa mbaya. Tulianza kushinda. Niliona timu nyingine zina vijana wanaolia nyuma ya bweni na karatasi mkononi, na wangu wanalala.

Halafu kulikuwa na Wafula. Alikuwa winga, mwembamba, mwenye haya, akikimbia utadhani ameitwa. Siku moja tulishinda nyumbani, yeye akafunga bao la pili, na kwenye chumba cha kubadilishia nguo wenzake wakawa wanaimba huku wakipiga makabati. Sajini akafungua mkebe, akagawa. Wafula akasoma yake akiwa amesimama, na kiatu kimoja mguuni. Akaikunja vizuri. Akanijia akauliza, bila kupaza sauti, "Kocha, hii ilikuja lini?"

Nikamwambia, "Alhamisi."

Akasema, "Sawa, kocha." Akavua kile kiatu kingine.

Baba yake alikuwa amezikwa asubuhi ile ile. Nilipomwita tena kambini miezi mitatu baadaye, hakuja. Nilisema mbele ya watu kwamba vijana wa siku hizi wakifunga bao moja wanajiona.

Nilikuja nyumbani nikamsimulia mama yako kisa hicho, na nikamsimulia kama mtu anayejivunia, jinsi kijana alivyocheza vizuri kwa sababu hakujua. Alikuwa anatwanga mahindi ya muthokoi. Aliuacha mchi ndani ya kinu, akasimama. Wewe ulikuwa pale mlangoni unacheza na maganda, sidhani kama unakumbuka.

"Na ya kwako?" akaniuliza. "Ikija ya kwako?"

"Ya kwangu pia inaingia mkebeni," nikasema. "Sheria ni ya wote."

Akaniangalia, akaushika mchi tena, akaendelea kutwanga. Mwende, niliona nimejibu vizuri. Niliona nimejibu kama mtu wa haki. Niliporudi kambini nilimwita Sajini nikamwambia waziwazi, "Hata yangu." Akauliza mara mbili. Nikamjibu mara mbili.

Sasa nimefika pale nilipokuwa naogopa.

Mwaka ule wa ukame, unaukumbuka, mama yako alikuwa ameanza kukonda kabla ya watu wengine kukonda. Asubuhi niliyoondoka kwenda kambini alikuwa amejifunga leso tumboni, amekaza sana, na alinisindikiza mpaka mkuyuni pale wakati siku zote hunisindikiza mpaka barabarani. Niliona leso. Niliona ameishia pale. Nilimuuliza kama yuko sawa, akasema amechoka tu, na mimi nikalichukua jibu hilo haraka kwa sababu ndilo nililolitaka. Nikampungia mkono. Gari lilikuwa linangoja.

Yaliyofuata wewe unayajua kunipita. Wiki ya pili alilazwa hospitali Kitui, Katunge akakaa naye, na Jumatano jioni utingo wa basi akaleta ujumbe nyumbani kwamba telegramu itumwe kwa baba. Kaka yangu alikuwa safarini Mwingi kuuza ng'ombe. Ulibaki wewe, mtoto wa miaka kumi na mmoja. Ninajua uliandika mwenyewe: MAMA MGONJWA SANA NJOO. Karani wa posta alikuuliza kama unataka kuongeza neno, ukasema hapana, baba ataelewa.

Hayo nimeyajua siku nyingi. Lakini Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, Katunge alinivuta kando akaniambia kitu ambacho sikukijua. Alisema Alhamisi ile asubuhi ulikuwa na mtihani wa hesabu, na kwa sababu ulikuwa wa kwanza darasani na hukutaka kuukosa, ulikwenda kwanza shuleni. Ukaufanya, ndipo ukaenda posta na karatasi mkononi, ukifika saa sita badala ya saa mbili. Alisema tangu ukiwa mtoto umeamini kwamba zile saa nne ndizo zilizomzuia baba yako asimkute mama yako. Alisema ulimwambia hivyo ukiwa kidato cha pili, ukamwapisha asiniambie, na ameshika neno lako mpaka alipoona sanduku lako limefungwa.

Nilikaa kwenye ukuta wa kanisa. Nikakumbuka mambo mengi kwa pamoja. Jinsi ulivyoacha hesabu mwaka ule, na mimi nikasema ni kwa sababu ya mwalimu mpya. Jinsi unavyotembea, kila mahali mbio mbio, watu wa sokoni wanakutania kwamba unafukuzwa. Jinsi mtu akikutuma kitu usiku unataka kwenda usiku huo huo. Nilikuwa naona ni bidii.

Kwa hiyo nisikilize.

Telegramu yako ilifika kambini Alhamisi, saa kumi jioni. Sajini aliipokea mlangoni akatia sahihi. Aliisoma, kwa sababu alikuwa akizisoma zote ili ajue. Akaiweka ndani ya mkebe. Ijumaa alikuja mlangoni kwangu mara mbili. Mara ya kwanza nilimwona na nikamuuliza anataka nini, akasema anauliza tu habari za mipira ya mazoezi. Mara ya pili nilisikia viatu vyake vikisimama, kisha vikirudi. Alinieleza haya baadaye akiwa analia, mtu mzima wa miaka hamsini na tano. "Uliniambia hata yako, kocha. Nilikuuliza mara mbili."

Jumamosi tulishinda mbili kwa moja. Wakati wanaimba, Sajini alikuja na mkebe, na akanipa mimi kwanza. Hakuwahi kunipa mimi kwanza. Aliushika kwa mikono miwili.

Wakati huo, Katunge ameniambia, mlikuwa wodini na redio ile ndogo, ile ambayo mama yako aliweka betri zake juani ili zipate nguvu. Wewe ndiye uliyekuwa umeishika sikioni pake. Filimbi ilipopigwa akakuuliza, "Wameshinda?" Ukasema, "Wameshinda, mama." Akasema, "Basi sasa atakuja."

Nilifika Jumapili asubuhi. Yeye hakuifikia.

Siku ya mazishi kulikuwa na mgeni kutoka Nairobi, mmoja wa wakubwa wa mpira, na alipopewa nafasi alisema kwamba mimi ni mtu niliyeweka nchi mbele ya nyumba yangu. Watu wakaguna kwa kusifu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbele, na wewe umekaa kando yangu na gauni la kuazima lililokuwa refu. Ningeweza kusimama nikasema si kweli, sikuweka chochote mbele ya chochote, sikujua, na sikujua kwa sababu nilijifungia mwenyewe. Sikusimama. Ilikuwa rahisi zaidi kuwa shujaa kuliko kuwa mjinga.

Watu walipotawanyika ulinishika shati. Ukauliza, "Baba, telegramu yangu ilifika?"

Nikakujibu, "Ilichelewa, mwaitu."

Hilo ndilo jambo. Maneno mawili tu, na wewe ukayabeba ukayapeleka mahali nisipopajua. Mimi nilikuwa najikinga nafsi yangu. Niliona kwamba telegramu iliyochelewa haimuumizi mtu, inalaumiwa posta na posta haijali. Sikujua kwamba kulikuwa na mtoto aliyefanya mtihani kwanza.

Ndani ya bahasha hii nimeiweka telegramu yenyewe. Nimeitunza ndani ya Biblia ya mama yako. Tazama muhuri wa Nairobi, ni saa nane mchana, na nyuma yake kuna mwandiko wa Sajini, saa kumi. Hukuchelewa. Hata ungeipeleka alfajiri kabla ya kengele ya shule, hata ungeitembeza kwa miguu yako mpaka Nairobi, ingeingia mkebe ule ule. Hakuna saa ambayo ungefika ukamkuta baba yako.

Usilinganishe mtihani wako na mechi yangu. Nakuona ukianza kufanya hivyo hata kabla hujaisoma barua. Wewe ulikuwa mtoto unayependa hesabu. Mimi nilikuwa mtu mzima.

Sasa nikwambie na lile lililo gumu zaidi, kwa sababu nikiishia hapo juu utaniona mtu aliyeonewa na sheria. Watu wachache wanaoujua ukweli huniambia, kocha, ungeijua ungekuja. Nami natikisa kichwa kukubali. Lakini nimejiuliza miaka tisa, hasa nikiwa nalima peke yangu. Ningeisoma Alhamisi saa kumi. Basi la Ijumaa alfajiri lingenifikisha Kitui kabla ya adhuhuri. Siku moja na nusu ningekaa naye. Je, ningepanda? Nataka kusema ndiyo. Ila mtu niliyekuwa wakati ule, yule aliyeiona leso akapunga mkono, huenda angesema amechoka tu, nitakwenda Jumapili. Sijui. Mkebe ulinisaidia nisijue mpaka kufa, na hicho ndicho ninachokichukia zaidi kuhusu ule mkebe.

Niliiongoza timu mwaka mmoja zaidi. Barua nilizigawa mwenyewe wakati wa chai ya asubuhi, kila siku, na mtu akitaka kwenda anakwenda. Tulishinda chache na tukafungwa nyingi, magazeti yakasema msiba umenivunja makali, na nilipoondoka wakasema ni matokeo. Waache waseme. Kabla sijarudi huku kukaa na wewe, nilisafiri kwenda kwao Wafula. Nilimkuta anapanda mihogo. Hakunifukuza. Alinichinjia kuku, akanipeleka kuona kaburi la baba yake, tukasimama pale mimi nikiwa nimeshika kofia. Nikamwambia nilikosa. Aliinama akang'oa jani moja lililoota juu ya kaburi.

"Ningecheza, kocha," akasema. "Mzee alipenda mpira kuliko mimi. Lakini ningecheza nikijua."

Nimeyaweka maneno hayo moyoni na sijapata mengine ya kuyazidi. Wewe unaenda kuwa mwalimu. Utapewa darasa, utakuwa na chaki na sheria, na watoto watakuogopa kidogo, na mtu akiogopwa huanza kujiona ana busara. Mimi nilikuwa na vijana ishirini na wawili walioniamini, nikawachagulia kitu cha kujua na cha kutojua, na nikaita hiyo malezi. Utakosea kwa njia zako, si zangu. Sina cha kukukinga nacho. Nataka tu ujue kwamba yule mtu wa kwenye picha ya kabatini, mwenye doa la mafuta sikioni, hakuwa na hakika na mambo kama alivyoonekana.

Na hesabu, mwaitu, kama bado unaipenda, ifundishe. Mwalimu wako wa darasa la tano alinipa ile karatasi ya mtihani baada ya mazishi, nami sikujua la kufanya nayo. Ulipata tisini na nane. Mama yako hakuiona, lakini nadhani angeibandika ndani ya kabati, juu ya picha yangu.

Nilipoanza kuandika nilipanga kuiweka barua hii chini kabisa ya sanduku, chini ya madaftari, uikute ukishafika chuoni huko magharibi mwa nchi. Nilijiambia hivyo utakuwa na nafasi, utasoma kwa utulivu, haitakuharibia safari. Nimeandika kurasa zote hizi nikiwa na mpango huo. Sasa nimeona ninachokifanya. Ningekuwa nimekuwekea tena mkebe, na mimi ndiye ningechagua siku ya kuufungua.

Kwa hiyo nitakupa mkononi, leo, kabla ya chakula, jua likiwa bado lipo. Isome hapa nikiwa karibu. Ukitaka kuniuliza, niulize. Ukitaka kunifokea, nimekaa. Ukitaka kunyamaza mpaka basi lije, au mpaka likizo, au zaidi, sitasema umekuwa mtu wa majivuno. Nitakusindikiza kesho mpaka barabarani, hata kama hatusemi.

Nakusikia langoni, unamwamkia Katunge, ambaye amekwisha kuamka, na yeye anakuuliza mbona umerudi mbio. Bahasha sijaifunga kwa gundi. Nainuka nije.

Baba yako